Matanga Ndani ya Flashi

Ofisa alikitazama kile kipande cha video kwenye simu yangu mara mbili, akanirudishia simu, akasema hakitoshi.

"Mama, hii imekatwa," alisema. "Dakika mbili tu. Inaanza wewe umesimama tayari. Mbele iko nini? Nyuma iko nini? Mimi sijui. Video ya kukatwa hatupokei."

Nilitaka kumjibu vibaya. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na tangu saa mbili asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Base Camp, penye ofisi za kambi, nikisubiri kuitwa. Lakini binti yangu alikuwa ameketi pembeni yangu, magoti yamebanana, na jina lake ndilo lililokuwa mezani. Nikameza maneno yangu.

Tatizo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Miaka kumi nyuma, tulipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Burundi, mwandikishaji aliniuliza nina watoto wangapi. Nikasema wawili, msichana na mvulana. Sikudanganya. Kwetu mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, naye ananiita mama, na dada yangu mkubwa alikuwa ameshafariki. Mwandikishaji akaandika wawili, wote wa tumbo langu. Akaandika na tarehe za kuzaliwa nilizompa, nazo zilikuwa za kweli. Msichana alimtangulia mvulana kwa miezi minne. Karatasi ikakaa hivyo miaka yote, mpaka siku tulipoitwa kwenye usaili wa kuhamia nchi nyingine, na mtu anayejua kuhesabu akazitazama zile tarehe.

Hakuna mwanamke anayezaa leo akazaa tena baada ya miezi minne. Kwa hiyo nilikuwa mwongo, au mwizi wa mtoto, na ilinipasa kuthibitisha kwamba si hilo wala lile. Nisipoweza, jina la binti lingefutwa kwenye faili letu. Sisi wawili tungepanda ndege, yeye angebaki mtaani kwetu Rubondo, miaka kumi na sita, peke yake kwenye nyumba ya udongo.

"Alhamisi," alisema ofisa. "Leta hiyo diski yote, mzima. Na uje umeshaiangalia, unajua hayo maneno iko wapi. Mimi sina masaa mawili ya kuangalia watu wakiimba."

Karatasi hatukuwa nayo. Dada yangu alipokufa binti alikuwa na miezi sita, na mambo yote yalifanywa kifamilia. Kwetu matanga huondolewa mara mbili, na ile mara ya mwisho, miezi kadhaa baadaye, tunaiita kuganduka. Watu wanakula, wanaimba, kisha msemaji wa familia anasimama mbele ya wote na kutangaza marehemu ameacha nini na nani atakishika. Ameacha shamba, ameacha ng'ombe, ameacha mtoto. Likishasemwa pale limekwisha, hakuna anayekwenda kuliandikisha mahali. Ila siku ile tulikuwa tumemlipa mpiga picha, naye alitutengenezea diski ya video.

Kilichotokea siku hiyo binti alikijua kwa moyo, kwa kuwa nilimsimulia tangu akiwa mdogo. Nilimwambia baba yetu mkubwa aliuliza mtoto huyu anabaki na nani, na kabla hajafunga mdomo mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilimsimulia alipokuwa mgonjwa. Nilimsimulia alipopata kipaimara. Hata akiunguza maharage na mimi nikabweka, baadaye nilimsimulia tena ili tupatane.

Diski ilikuwa kwa mdogo wangu wa kiume, Bujumbura. Ndiye aliyenitumia kile kipande. Siku ile ile, Jumatatu, nilimpigia simu nikiwa bado nje ya ofisi.

"Sitaki kipande. Nataka yote."

"Yote ya nini, dada? Ile fasi ya muhimu si nimekupa?"

"Wameikataa! Wanataka diski nzima, kama ilivyo, bila kuguswa."

"Kuna nyimbo mingi sana mule. Watachoka."

"Wachoke wao! Wewe inakuuma wapi?"

Nilimfokea mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka. Mwisho akasema, polepole, "Sawa. Ni wewe umesema." Wakati ule nilidhani ni uvivu.

Siku ya pili alimpelekea fundi ile diski. Diski ilikuwa na mikwaruzo, na kuituma kwa basi kungechukua wiki mbili. Fundi aliinakili nzima ikawa faili moja, diski yenyewe bila plastiki, kila kitu mahali pake. Faili hilo lilikuwa na karibu gigabaiti nne na nusu. Mimi kazi yangu ni kupiga chapa barua na maelezo ya watu, ninayo kompyuta ya mezani nyumbani inayotumia betri ya sola, kwa hiyo si mgeni wa mashine. Lakini kwa mtandao wetu wa Rubondo faili la ukubwa huo lingefika binti akiwa bibi. Nikaamua kwenda mjini Mbarara.

Nilikuwa na rafiki kule, mke wa sajenti, anayekuja Nakivale kununua maharage kwa magunia. Tunamwita Nalongo kwa sababu amezaa mapacha. Mume wake alikuwa kazini mbali, na alimwachia kompyuta mpakato na mtandao mzuri ili waonane kwa video. Shida ni kwamba Nalongo anakaa ndani ya kambi ya jeshi. Jumatano asubuhi nilifika getini na kitambulisho changu cha mkimbizi mkononi, flashi kwenye sidiria.

"Wewe mama, simama hapo," alisema askari wa zamu. "Unaenda kwa nani?"

"Kwa Nalongo, afande. Mke wa sajenti."

"Wewe ni mtu ya Nakivale?"

"Ndiyo, afande."

Aliandika kitambulisho changu kwenye daftari, akakiweka kwenye droo yake, akasema nitakipata nikitoka. Nalongo alikuja kunichukua, akanishika mkono kama anavuka na mtoto barabarani.

Faili lilianza kushuka saa nne. Nilikaa mbele ya ile kompyuta nikitazama asilimia. Nalongo aliniletea matoke na mchuzi wa karanga, sikuweza kula. Saa saba kasoro likamaliza. Nikachomeka flashi, nikavuta faili kulitupia ndani, na kompyuta ikaniambia faili ni kubwa mno.

Haikuwa kweli, flashi ilikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili. Nikajaribu tena. Kubwa mno. Kisha nikakumbuka kitu nilichowahi kuelezwa na kukipuuza, kwamba flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo wa zamani usiokubali faili moja linalozidi gigabaiti nne, hata kama flashi yenyewe ni tupu. Dawa yake ni kuiformati upya kwa mtindo mwingine. Na ukiiformati, vyote vilivyomo vinakwenda.

Vilivyomo vilikuwa maelezo ya watu kumi na mmoja. Nilikuwa nimeyapiga chapa wiki ile kwenye mashine ya kukodi ya Base Camp, nakala pekee. Ni watu waliokaa mbele yangu wakaniambia kilichowakimbiza kwao, wengine wakilia, na mmoja alinitaka nizime redio kwanza.

"Si uweke hapa kwa kompyuta yangu kidogo," alisema Nalongo, "halafu utazirudisha?"

Alisema kwa roho safi. Lakini ile ilikuwa kompyuta ya askari, ndani ya kambi ya jeshi, na mimi najua kwamba kitu ukikifuta kwenye mashine mwenye ujuzi anaweza kukifufua. Wale watu hawakunipa maneno yao niyalaze pale. Nikabonyeza. Kazi ya watu kumi na mmoja ikapotea kwa muda wa kupiga chafya, na wiki iliyofuata nilizunguka kwa kila mmoja nikimwomba anisimulie upya. Wawili walikataa, na hawajanisamehe.

Safari hii faili likaingia. Saa nane na nusu tulikuwa getini, na gari la mwisho la kurudi halingenisubiri.

"Nini iko ndani ya hiyo flashi?" aliuliza yule askari. Nilikuwa nimeishika mkononi, mjinga mimi, niliogopa isije ikapata jasho.

"Matanga, afande."

"Nini?"

"Matanga. Kilio. Dada yangu alikufa."

Akanitazama kuona kama namfanyia mchezo. Mkimbizi anatoka kambi ya jeshi na flashi na anasema imejaa kilio, hata mimi nisingemwamini. Akasema flashi inabaki. Nalongo akapandisha sauti kwa Kinyankole, askari naye akapandisha, nami nikasimama katikati nikitazama saa ya ukutani nyuma yake. Mwisho Nalongo akakimbia nyumbani akarudi na kompyuta, akaiweka juu ya daftari la wageni na kuchomeka flashi.

Nikaligonga faili mara mbili. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikaonyesha kama kuna diski imeingizwa, ingawa haina hata tundu la kuingizia diski. Dada yangu akatokea kwenye kioo akiwa amezungukwa na maua ya kubandika, na kwaya ikaanza kuimba. Askari aliangalia wanawake waliovaa imvutano, nguo zetu za heshima za kufunga begani, wakijifuta macho, labda kwa dakika moja. Akavua kofia.

"Pole, nyabo," alisema, akiniita bibi kwa lugha yao, akanipa kitambulisho changu. "Enda."

Gari nililikuta likiwa limeshaanza kusogea. Njia nzima nilishika flashi, na kila tuliposimama kushusha mtu nilimlaani dereva kimoyomoyo. Nilifika Rubondo karibu saa kumi na moja. Binti alikuwa ameshawasha kompyuta na kuzima kila kitu kingine kinachokula betri. Mawingu yalikuwa yamekaa tangu mchana, na kile kisanduku kinachobadilisha umeme wa betri kilikuwa na taa ya njano badala ya kijani.

Nikagonga faili mara mbili, kama kule. Kompyuta yangu, ambayo ni ya zamani, ikaniuliza kama nataka kuchoma diski. Nikagonga tena, ikauliza tena. Nikafanya kile ambacho mafundi wa simu wa Base Camp hufanya wimbo ukikataa, nikabadilisha herufi za mwisho za jina la faili ili ziwe za video. Ikasema faili limeharibika. Nilikuwa nimefuta maelezo ya watu kumi na mmoja kwa ajili ya kitu kisichofunguka, na kesho ilikuwa Alhamisi. Nilipiga meza kwa kiganja, na binti akashika kioo kisianguke.

"Mpigie mjomba," alisema.

Mjomba wake alipokea mara moja, utafikiri alikuwa ameikalia simu. "Dada, usiifungue kama video. Ile si filamu, ni disque yenyewe. Rudisha jina lake. Halafu ile programu yenye koni ya rangi ya machungwa unayo? Uiambie ifungue disque, uionyeshe hilo faili."

Nikarudisha jina. Kwenye programu ya koni nilitafuta mahali pa kufungulia diski, nikaionyesha faili. Kioo kikawa cheusi. Kikabaki cheusi. Kisha maua, dada yangu, kwaya, na chini yake orodha ya kuchagua: misa, chakula, nyimbo, maneno ya familia.

Nilipiga kelele ya furaha. Simu bado ilikuwa hewani.

"Imekubali?" aliuliza mdogo wangu.

"Imekubali!"

"Binti yuko hapo?"

"Yuko."

"Dada," alisema, kisha akaacha. "Basi. Mungu awasaidie."

Nikachagua maneno ya familia. Binti alivuta kigoda karibu kabisa. Baba mkubwa alisimama, akazungumza habari za shamba na ng'ombe, kisha akauliza kwa Kirundi chake kizito, "Marehemu ameacha mtoto mmoja. Mtoto huyu anabaki mikononi mwa nani?"

Kamera ikageuka kunitafuta. Nilikuwa kwenye benchi la pili na mwanangu wa miezi saba akinyonya. Bibi yao alikuwa mbele, amempakata binti, naye anatafuna kijiko.

Sikusimama.

Nilitazama chini. Nilivuta kitambaa kufunika miguu ya mwanangu, na miguu ilikuwa tayari imefunikwa. Watu waligeuza vichwa. Baba mkubwa akauliza mara ya pili, kwa sauti ya juu zaidi, nami nikatazama mlangoni, wazi kabisa, kama mtu anayepima umbali. Mdogo wangu, kijana wakati ule, akainama akaninong'oneza. Hapo ndipo nilipokumbuka alichosema, baada ya miaka yote ile. Alisema, "Watu wanatazama." Ndipo nikasimama, watu wakapiga makofi, na kile kipande nilichotumiwa kwenye simu kilianzia hapo hapo. Alikuwa amekikata kwa ajili yangu.

Nilisikia aibu ya kunichoma masikio. Sikuwa nimemdanganya binti kwa makusudi, nilikuwa nimejidanganya mimi mwenyewe kwanza, na kwa ustadi mkubwa.

"Rudisha," alisema binti.

"Betri inaisha."

"Rudisha, mama."

Nikarudisha. Alitazama mara ya pili bila kupepesa, macho yake yakienda kwenye kioo na kwenye namba zinazotembea chini yake. Akataka mara ya tatu. Kisanduku cha umeme kikaanza kulia, pii, pii, na baba mkubwa alipofungua mdomo kuuliza tena kila kitu kikazimika. Binti akachukua jerikeni akaenda kisimani, ingawa maji yalikuwepo ndani.

Asubuhi, tukijiandaa, nilifikiria kumwambia ofisa kwamba flashi imeungua. Nilifikiria kwa uzito kabisa, nikivaa viatu. Ofisa angeona nini pale? Mwanamke asiyemtaka mtoto, anayesukumwa. Angeweza kusema huyu hafai kupewa binti ampeleke nchi ya mbali. Lakini bila flashi jina lingefutwa siku hiyo hiyo. Nikajikaza, tukaenda.

Ofisa alimwita mkalimani, Mrundi mwenzetu, akakaa kati yetu. Kompyuta ya ofisi ilifungua faili bila maswali. Niliwaonyesha mahali. Mkalimani alitafsiri shamba, akatafsiri ng'ombe, akatafsiri swali. Halafu akanyamaza, maana hakukuwa na cha kutafsiri. Tulikaa wanne tukitazama nisivyosimama.

Ofisa alisimamisha picha. "Mama, hapa ulikuwa unafikiri nini?"

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri njiani. Nilimtazama binti, yeye alikuwa anatazama kioo.

"Maziwa," nikasema. "Nilikuwa na mtoto wa miezi saba na maziwa yalikuwa yameanza kupungua. Mume wangu alikuwa ameondoka. Nilikuwa nawaza, nikichukua wawili, yatatosha?"

"Yakatosha?"

"Hapana," nikasema. "Hayakutosha. Walilia wote wawili."

Mkalimani alijifanya anatafuta kalamu. Ofisa aliandika kwa muda, kisha akamuuliza binti kama anajua aliyemzaa ni nani, na kama anataka kusafiri na mimi. Binti akajibu anajua, na anataka. Alijibu hivyo tu, kwa sauti ndogo, sikuweza kuipima.

"Tutasahihisha karatasi," alisema ofisa. "Tutaandika ni mtoto ya dada yako, wewe ndiye unamlea. Jina yake inabaki."

Nilishukuru, nadhani. Tulitoka nje tukasimama kivulini mwa duka la chaja tukisubiri pikipiki ya kwenda Rubondo. Vumbi lilikuwa jingi. Binti alikuwa amejifunga kitambaa puani, na nilijua kwamba nikianza kuomba msamaha nitalia mbele ya wauza nyanya, kwa hiyo nilitazama barabara.

"Ni sekunde arobaini na moja mpaka uliposimama," alisema. "Nimezihesabu."

Nikageuka kumtazama.

"Mimi ningekawia zaidi, mama."